Mjomba Amepona Bila Kuugua

Ukiibiwa ng'ombe Lalago, huhitaji kuuliza pa kuanzia. Unapiga mwano, jirani anaupokea, wa kitongoji cha pili anaupokea kwa huyo, na kabla hujavaa kandambili sawasawa wanaume wameshatoka na fimbo, wazee wa sungusungu wameinama wanasoma nyayo. Utaratibu huo ulianzia pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaenea Usukumani na Unyamwezini, na mwizi wa mifugo anaujua kuliko anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa jaribu kupiga mwano kwamba umeibiwa picha.

Mimi ni mpiga picha. Nina kibanda hapa Lalago, wilaya ya Maswa, kwenye barabara inayotoka Kolandoto kwenda Mwanhuzi. (Watu wa Dar es Salaam wakisikia Lalago husema, "Aa, Bariadi kule." Bariadi ni makao makuu ya mkoa wetu wa Simiyu, si jina la kila bati lililoezekwa huku. Tuendelee.) Napiga paspoti saizi, harusi, ubatizo na ngoma za bugobogobo, na msimu wa pamba ukifunguliwa nawapiga wakulima wakiwa na mafurushi yao, maana hapo ndipo mtu ana hela na ana sababu ya kucheka.

Picha ya balaa ilikuwa ya Mjomba. Alikuwa ametoka kupima pamba kwenye ghala la AMCOS, kofia ya pama kichwani, mkono mmoja juu ya furushi, anacheka mpaka pengo la juu linaonekana. Jua la saa kumi na moja lilikuwa limemlalia shavuni. Nyuma yake mbuzi alikuwa amesimama anamtazama kwa heshima ambayo sisi wanaukoo hatujawahi kumpa. Nikamkata mbuzi, nikaiweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp na kwenye ukurasa wangu wa Facebook, wateja waone kazi.

Haukupita muda ikanirudia kupitia kundi la ukoo. Juu, kwa maandishi mekundu: MZEE HUYU HAKUTEMBEA KWA MIAKA 6. Chini, chupa ya kijani na namba ya simu. Katikati, Mjomba na pengo lake, anashangilia kupona. Huyu ni mtu anayekwenda shamba la dengu kwa miguu alfajiri na jioni anarudi na baiskeli begani kwa sababu imepata pancha.

Kwenye ukoo wetu habari ya ugonjwa haisubiri kuthibitishwa. Shemeji yake akapanda basi Mwanhuzi na jogoo aliyefungwa miguu na mfuko wa michembe.

"Shemeji, nimekuja kukupa pole ya miguu."

Mjomba akaiangalia miguu yake. Kisha akamwangalia jogoo. Jogoo alikuwa mkubwa.

"Wabeja," akasema, kwa sauti iliyoanza kuugua palepale, akashuka taratibu kwenye kigoda huku ameshika goti. Wakala, wakazungumza, shemeji akatikisa kichwa kwa huruma kila Mjomba alipojinyoosha. Yote yangekwenda vizuri kama watoto wasingemfungua jogoo wampe maji. Jogoo akachomoka. Mjomba akaruka kutoka kwenye kigoda, akapita juu ya uzio wa minyaa bila kuugusa, akaenda kumdaka kwenye kisima cha jirani. Aliporudi, shemeji alikuwa bado ameshika kikombe cha chai hewani.

"Kumbe ile dawa ni kweli," akasema. Akaniomba nimsomee ile namba ya kwenye tangazo, kwa kuwa miwani alikuwa ameiacha nyumbani.

Namba hiyo niliipiga mimi. Akapokea kijana mwenye adabu zote.

"Picha tumeitoa Google, kaka."

"Huyo ni mjomba wangu."

"Hongera sana. Anauza vizuri."

Nikamwambia picha ni yangu. Akaniuliza nina uthibitisho gani. Nikamtumia Mjomba mzimamzima na mbuzi wake, nikaongeza zilizotangulia na zilizofuata: Mjomba amefumba macho, Mjomba anapiga chafya, Mjomba anauliza kama tumemaliza. Mwizi huwa na picha moja tu, ile nzuri. Mwenye mali ana kundi zima pamoja na vilema wake. Zamani nilikuwa nafuta zilizoharibika ili nafasi isijae kwenye memori kadi, siku hizi chafya ya Mjomba naitunza na hati ya kiwanja. Kijana alinyamaza kidogo, akasema atanifanyia punguzo nikichukua chupa 3.

Nikalipeleka shauri kwa wazee. Mtemi wa sungusungu alisikiliza mpaka mwisho, akaiomba simu, akaitazama picha, akanirudishia.

"Ng'ombe akiibwa, zizi linabaki tupu. Wewe picha unayo hapa. Kimeibwa nini?"

Nikamwambia: mtu akija usiku akamchukua maksai wako, akalimia shamba lake, alfajiri akamrudisha zizini, je?

"Huyo ni mwizi."

"Basi ndivyo walivyofanya."

"Lakini maksai atarudi amechoka," akasema Mtemi. "Mjomba wako amechoka?"

"Nimechoka," akadakia Mjomba, ambaye hakuwa ameulizwa.

Wazee wakakubaliana kwamba kuna kosa, ila nyayo hazionekani. Mmoja akashauri nifanye wanavyofanya wafugaji: nipige chapa.

Chapa nilikuwa nayo. Jina la kibanda na namba ya simu, kwa maandishi madogo pembeni chini. Kukata pembe ya picha ni kazi ya kidole kimoja, mtoto wa darasa la pili anaiweza. Kwa hiyo nikaisogeza katikati, mahali ambapo mwizi hawezi kukata bila kumkata na mtu. Kwenye harusi iliyofuata katikati palikuwa uso wa bibi harusi. Mama yake akaja kibandani, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mwanangu, namba yako iko kwenye paji la uso la binti yangu. Watu wanafikiri ndipo anapopatikana."

Walifikiri hivyo kweli. Nilipigiwa na wanaume wawili usiku uleule, mmoja akiwa tayari ametaja idadi ya ng'ombe. Siku hizi naipitisha chapa kifuani, hafifu, ikifuata mikunjo ya nguo, kwa kuwa chapa iliyolala juu ya kitu kimoja kilicho wazi, kama anga au ukuta mweupe, kuna programu za simu zinazoifuta huku mwizi anakunywa chai.

Ng'ombe wa siku hizi ana hereni ya kielektroniki sikioni, ukiisoma inamtaja mwenyewe. Picha nayo huzaliwa na hereni yake. Ndani ya faili kamera huandika tarehe, saa, aina ya kamera, na ukiamua kuweka, jina lako. Tatizo ni kwamba ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hereni hukatwa getini na picha yenyewe hukondeshwa. Ukiituma kama dokumenti hupita na kila kitu chake. Hiyo ni nzuri kwa mteja aliyelipa, ila kama simu uliyopigia ilikuwa imewasha GPS, hereni hutaja mpaka nyumba, kwa hiyo picha za watoto zizimieni hiyo kitu kwanza. Nami kule kukondeshwa nikakugeuza kuwa kinga: mtandaoni naweka picha ndogo tu, kubwa zinabaki kibandani. Wale wa dawa walipoichapa picha ndogo ya Mjomba kwenye bango wakalitundika stendi, uso ukatoka vijiboksi vitupu. Wapita njia walidhani ni mgonjwa kabla ya tiba.

Kisheria niko vizuri, na nilimweleza Mjomba hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapobuniwa, hata usipoisajili, ingawa ukienda COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kuisajili unajirahisishia siku ya ugomvi. Inamlinda mbunifu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa.

"Yaani ukifa, pengo langu litabaki lako miaka 50?"

"La warithi wangu."

Hapo ugomvi ukahamia nyumbani. Mjomba akasema furushi lilikuwa lake, kofia yake, cheko lake, na kwamba mimi nilibonyeza kidude tu. Nikamsimulia ya nyani wa Indonesia. Nyani mweusi wa kisiwa cha Sulawesi alijipiga picha kwa kamera ya Mwingereza David Slater, akitabasamu vizuri kuliko maharusi wangu wengi. Mwaka 2011 picha ikasambaa dunia nzima, ikazuka hoja kwamba aliyebonyeza ni nyani, kwa hiyo Slater hana chake. Mwaka 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikasema haisajili kazi za wanyama. Mwaka uliofuata chama cha kutetea wanyama, PETA, kikafungua kesi kwa niaba ya nyani, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema nyani hawezi kudai hakimiliki.

Mjomba akafikiri. "Nyani alikuwa na wakili?"

"Alikuwa naye."

"Mimi sina," akasema, akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyemnyima.

Kwa haki, upande wa sura Mjomba ana hoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa yeye: picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, hata kama mpigaji ni mwingine. Majirani zetu Wakenya wameshaonja. Kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya shilingi milioni 5 kwa kuweka picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 akaipiga klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekwenda kustarehe, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila wazazi kukubali. Hizo 1,850,000 za Kenya, nikamwambia Mjomba, wakati ule zilikuwa zaidi ya milioni 30 za kwetu.

Mjomba hakuhesabu shilingi, alihesabu ng'ombe. Midomo ilikuwa inacheza. Nilipomwambia faini haiendi kwa mwenye sura, akaacha kuhesabu katikati na kuniuliza sasa nilikuwa nasimulia ili iweje.

Kuna mambo ya ajabu zaidi. Mpiga picha wa Marekani, Carol Highsmith, alitoa bure maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, wananchi wazitumie. Mwishoni mwa 2015 akapokea barua inayomtaka alipe dola 120 kwa kutumia picha bila kibali. Picha ilikuwa yake. Alifungua kesi ya zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2016, na sehemu kubwa ya madai ikatupwa, kwa kuwa ukishagawa huna zizi la kuonyesha. Nilisoma habari hiyo usiku, na kesho yake nikaondoa maneno "pakua bure" kwenye ukurasa wangu.

Ninachofanya sasa kila Jumapili jioni, bando likiwapo, ni kuwaswaga walionitoroka. Naingiza picha kwenye Google Lens au TinEye, nayo inanionyesha zilipo zinazofanana nayo. Mjomba nimemkuta akiwa mkulima wa korosho. Nimemkuta akiwa mstaafu aliyejengewa nyumba na mkopo. Pahala pamoja ni baba mzazi wa mchungaji. Nikimkuta napiga skrinshoti yenye tarehe na anuani ya ukurasa kabla sijamwandikia mtu, maana ukianza na matusi wanafuta, na ushahidi unaondoka nao. Kisha nairipoti kwa Facebook wenyewe kwenye sehemu yao ya hakimiliki, naambatanisha mbuzi.

Tangazo la miguu liliondolewa kwa njia hiyo. Mjomba hakufurahi sana, kuku walikuwa bado wanakuja.

Kijana wa dawa, lakini, hakufunga biashara. Ametoa tangazo jipya, la kiuno safari hii, na kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Aliyepona ni mama mtu mzima mwenye kitenge cha bluu. Nilipokuza picha niliona pazia langu la kibandani, lile lenye kiraka, na mbele ya pazia ameketi mama mkwe wangu.

Sasa mkwe wa Kisukuma akaanzie wapi kumweleza mama mkwe habari ya kiuno? Mezani hatuketi pamoja, njiani nampisha. Nimeshamripoti kijana, nasubiri majibu, na kila nikisikia pikipiki mlangoni nafikiri ni shemeji wa mtu amekuja na pole. Mke wangu amekataa kuzisema habari hizo. Mjomba amesema yuko tayari kwenda yeye, leo hii, kwa miguu, ila anataka jogoo kabla ya kuondoka.