Soko la Mtemi Ngiri

Hapo kale, katika nchi kavu ya Pawaga, ambako Mto Ruaha Mdogo hufika baada ya kuteremka kutoka nyanda za juu na kupita chini ya mji wa Iringa, alitawala Mtemi Ngiri. Kando ya mji wake lilikuwapo korongo pana la mchanga lishukalo kutoka milimani, kavu karibu mwaka mzima, na Mtemi kila alipolitazama aliona ardhi tambarare isiyo na mwenyewe. Akaamuru lipimwe viwanja vya soko. Karani Kicheche akagawa, akapokea ada, na mababu waliokataza kujenga ndani ya hatua 60 kutoka ukingoni wakaitwa wazee waliopitwa na wakati.

Bibi Kobe akajikongoja hadi barazani. “Kamwene, Mtemi. Njoo uone.” Akampeleka kwenye mbuyu wa ukingoni, akamwonyesha vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye panda, juu kupita kimo cha nyati. “Haya hayakupandishwa na upepo. Tia alama kila mti wenye dalili hii, waulize wazee ni mvua za mwaka gani, kisha uchore mpaka wa mji. Na ndege Hondohondo akae kule juu milimani, apige mbiu maji yanapogeuka rangi.”

Mtemi akainua pua angani. “Bibi, wingu liko wapi?” Baraza likaangua kicheko. Hata hivyo ikaundwa kamati, ikakaa, ikala, ikaamua kwamba hatari itapimwa mvua zikishanyesha. Huko milimani miti ikaendelea kukatwa hadi kwenye miteremko. Huku bondeni taka za soko zikaziba mfereji.

Ukafika mwezi Machi. Sokoni jua lilikuwa linawaka, mchele na vitunguu vimepangwa mikekani, kumbe milimani mvua imenyesha usiku kucha. Mchanga ukatetemeka; maji mekundu yakaja na magogo, yakazoa vibanda na wenye vibanda. Karani Kicheche alisalimika, kwa kuwa nyumba yake aliijenga kilimani. Mtemi akatoa pole, akagawa unga, akasema ni kudra. Kiangazi kilipoingia, viwanja vikagawiwa upya.

Msomaji, hatua zile 60 leo ni mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Korongo lina mwenyewe, naye ni maji. Anayegawa viwanja humo, na alale humo kwanza yeye na wanawe.