Mwumini wa 300 Bado Hajazaliwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Rumonge, ambako hesabu si jambo geni. Mawese tunayahesabu kwa madumu, na tangu sheria ya madhehebu ya tarehe 31 Desemba 2014, imani nayo inahesabiwa kwa vichwa. Dhehebu la Warundi linatakiwa liwe na wafuasi 300 ndipo liandikishwe. Lililotoka nje, 500. Kiongozi anayeendelea kusalisha watu baada ya kunyimwa kibali anaweza kufungwa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Katiba inasema dola inaheshimu uhuru wa dini, ila imesahau kutaja ni uhuru wa watu wangapi. Bila shaka ni kosa la mpiga chapa.

Kwa kuwa sheria njema haina upendeleo, naomba ianzie hapa hapa Rumonge, kwenye faili la zamani kidogo. Mwaka 1879 Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifungua hapa kituo chao cha kwanza katika nchi ambayo leo ni Burundi. Walikuwa wachache, wageni, na dini yao haikuwa ikijulikana na mtu. Mei 1881 watatu wakauawa: mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop. Kwa kipimo chako, Mheshimiwa, hao hawakuwa mashahidi wa imani. Walikuwa dhehebu la kigeni lililopungukiwa na mamia ya wafuasi, na viongozi wake walistahili kufikishwa mahakamani. Hata hivyo, sensa ya 2008 ilikuta asilimia 62 ya Warundi ni wa dini hiyo hiyo, Wakatoliki. Uislamu nao ulifika mwambao huu kwa ziwa, pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, na sidhani kama kuna nahodha aliyepakia orodha ya majina 500 kabla ya kutweka tanga. Dini zote mbili zinazoheshimika leo ziliingia kwa mlango ambao wizara yako imeupiga kufuli. Tena usiseme kwamba wingi ni kinga: chini ya Rais Bagaza Wakatoliki walikuwa wengi mno, lakini wamisionari wao walifukuzwa na misa za siku za kazi zikabanwa, hadi alipopinduliwa Septemba 1987.

Tuje kwenye utekelezaji, maana hapo ndipo ufundi wa sheria hii unapoonekana. Watu 300 wanapatikanaje, ikiwa wasiofika idadi hiyo wananyimwa kibali, na kusalisha watu baada ya kunyimwa ndilo kosa lenyewe? Tuseme wamefika 299, na mmoja wa akina mama ni mjamzito wa miezi 8: wizara inashauri wasubiri? Na fomu inadai katiba ya dhehebu, makao makuu na mwakilishi wa kisheria. Imani ya Kiranga, iliyokuwako nchini kabla ya msahafu na kabla ya Biblia, ikija kujiandikisha itaandika anwani gani?

Upande wa pili kuna walio wengi. Wafuasi wa mwonaji Euzebie Ngendakumana, aitwaye Zebiya, hawakukosa vichwa. Machi 2013, walipokwenda kusali huko Businde mkoani Kayanza, jibu walilopata lilikuwa risasi za polisi, na watu wasiopungua 9 wakafa. Wengi wao wakakimbilia Kamanyola, ng'ambo ya Ruzizi, ambako Septemba 2017 wanajeshi wa Kongo waliwaua wakimbizi wa Kirundi zaidi ya 30. Basi tuelewe hivi: walio wachache warudi wakatafute watu, na walio wengi watawanyike.

Najua utanijibu kwamba bila masharti haya kila tapeli atajiita nabii na watu watakufa. Hoja hiyo si ya kudharau, kwa kuwa watu wamekufa kweli. Lakini kundi la Kanungu nchini Uganda, lililoteketeza mamia ya waumini wake Machi 2000, lilikuwa limeandikishwa serikalini. Kanisa la Paul Mackenzie wa Shakahola, Kenya, lilikuwa na cheti pia. Kilifutwa 2023, baada ya maiti kuanza kufukuliwa. Kuua, kutesa watoto na kutapeli ni makosa ya jinai hata kwa mtu asiye na dini kabisa, na polisi hawahitaji kujua idadi ya waumini ili wamkamate mhalifu.

Utasema pia kwamba kila chama huandikishwa, sembuse kanisa. Kweli, anayetaka kumiliki kiwanja au kufungua akaunti ya benki kwa jina la dhehebu aandikishe, na umdai karatasi zote uzipendazo. Ila mvuvi asiye na ushirika hafungwi miaka 5 kwa kula ndagala nyumbani kwake. Cheti ni cha mali, na sheria yako imekifanya kuwa kibali cha kupiga magoti.

Lipo swali moja dogo ambalo maofisa wa komine wanaweza kulijibu bila kukusumbua. Dhehebu likishapata watu wake 300 kamili, likaandikishwa, kisha mmoja akafariki, waliobaki ni 299. Sala ya mazishi yake itaongozwa na nani?

Wako mtiifu,
Mkazi wa Rumonge