Sina Mengi

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Haikusema asimame kuongea kwa muda gani, na huku Kamsamba pengo hilo tunalitumia ipasavyo. Ajenda ni mfereji wa mashamba ya mpunga. Mzee anaanza, "Ndugu mwenyekiti, mimi sina mengi," kisha anapitia uhuru, ujamaa, na tulivyohangaika kuvuka Mto Momba kabla ya daraja. Tunapiga makofi; tusipopiga, hakai. Mama mmoja nyuma kabisa, mtoto mgongoni, anauliza: "Hela tulizochanga mwaka jana ziko wapi?" Mwenyekiti anaangalia saa. Mama asubiri, hoja yake itajadiliwa kwenye mengineyo.