Ombi la Wanachuo Kusajiliwa kama Maharagwe

Kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Lumino, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Huku Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na mtu huenda matangani Kenya akarudi kabla giza halijaingia. Utangamano tulizaliwa nao. Nyinyi mlituletea mihuri yake, na tunashukuru.

Tunashukuru hasa kwa namna mlivyoyatendea maharagwe. Mama mchuuzi akifika mpakani Busia na mzigo wa mazao ya kwetu usiozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale, na forodha haimtozi ushuru. Tangu Marais Museveni na Kenyatta wafungue rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia mwaka 2018, mzigo husimama mara moja tu, upande wa nchi unakoingia. Hakuna anayeyauliza maharagwe kama yana uzoefu. Hakuna anayeyaambia, "Acha namba, tutakupigia."

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, natafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Nina barua ya chuo, bima na nakala ya kitambulisho. Kitambulisho hicho chanivusha Kenya bila pasipoti, kama ilivyokubaliwa mwaka 2014. Barabarani, basi, sina malalamiko. Mpaka uliondolewa barabarani ukahamishiwa kwenye meza ya mapokezi, na pale hauna hata choo cha wasafiri. Ofisi za ng'ambo ya mpaka huniambia wana vijana wao wa kaunti. Nikirudi upande wetu, nakuta vyuo vimefungulia wanafunzi wote kwa pamoja mwezi wa Juni: wa Busitema hapo jirani, wa Kampala, wa kila mahali, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ofisi moja ilitaka tulipe kwanza "gharama za kutuhudumia". Nilidhani mhudumu ningekuwa mimi.

Kumbe wapo wanaolipwa wakijifunza kazi: mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, sababu mojawapo ikiwa posho ya madaktari walio mafunzoni, ambayo serikali ilitaka kuishusha kutoka shilingi za Kenya 206,000 hadi 70,000 kwa mwezi. Haki yao kabisa. Lakini huku Lumino tuliwaonea wivu: ili upunguziwe posho, lazima kwanza uwe nayo.

Wanaopata nafasi nao wana elimu yao. Kwenye kitabu cha kumbukumbu huandikwa "usimamizi wa nyaraka", yaani kupeleka karatasi kwa fotokopi. "Mahusiano ya umma", yaani kufuata chapati. Siku ya mwisho msimamizi husaini wiki zote kwa kalamu moja na kwa pumzi moja. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa kwa wakala wa forodha Malaba, alikataa kuondoka hivyo. Kila jioni aliomba aonyeshwe faili moja iliyorudishwa siku hiyo na aelezwe kosa lilikuwa wapi. Walimwona msumbufu. Mwisho wa mafunzo wao ndio waliokuwa wakimuuliza, na chapati akawa anafuata mwingine. Naomba habari hii isifike kwa wasimamizi, wasije wakaficha faili.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, wanachuo tuingizwe kwenye orodha ya bidhaa za cheti rahisi. Thamani yangu haifiki dola 2,000. Muulizeni yeyote aliyewahi kunipokea. Pili, ikiwa hilo ni zito, tujengewe kituo cha pamoja cha kukataliwa, ambamo ofisi za Uganda na za Kenya zitakaa chini ya paa moja, barua yangu ikataliwe mara moja kwa mihuri miwili, nami niokoe nauli ya boda.

Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inataja uhuru wa bidhaa na uhuru wa wafanyakazi. Mimi bado si mfanyakazi, ndiyo maana naomba nafasi ya kujifunza kazi. Imebaki bidhaa.

Wenu mtiifu,

Mwanachuo, Lumino
Nchi ya asili: Uganda
Ufungashaji: bahasha moja ya kaki
Hali ya mzigo: mkavu, haujatoboka, unaharibika ukikaa ghalani