Sifa za Mheshimiwa Furu

Wapo waliomsifu simba, wapo waliomsifu sultani. Mimi leo namtukuza furu, samaki wa urefu wa kidole wa Ziwa Victoria, mlaji mkuu wa nyungunyungu wangu tangu nilipojua kushika mshipi.

Sifa yake ya kwanza ni mahudhurio. Dagaa anadeka: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazimvuti, na mitumbwi inalala ufukweni. Sangara anataka maji ya kina na mfuko mzito. Sato naye ana siku zake. Furu hana msimu. Masika maji yakichafuka, yupo. Kiangazi mawe ya Capripoint, Mwanza, yakiunguza makalio, yupo. Mwezi mchanga yupo, mwezi mpevu yupo, Idi yupo, Krismasi yupo, na Jumapili watu wakiwa ibadani ndiyo kwanza amekuja na ukoo mzima. Ruhusa ya uzazi anachukua mama peke yake, anayelea mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake. Huyo simlaumu, kwani mdomo umejaa. Wengine wote wanaripoti kazini kabla risasi haijagusa mwamba. Unamkusudia sato, boya linatetemeka, linazama kidogo, linaibuka. Unavuta. Ndoano inang'aa, haina hata alama ya mnyoo.

Kungekuwa na daftari la mahudhurio ziwani, angepewa cheti kila Mei Mosi. Nasema hivi kwa sababu iko ofisi moja, sitaitaja, niliyoizoea nikifuatilia leseni ya uvuvi. Mhusika yuko semina. Mhusika yuko safari. Mhusika ametoka sasa hivi, si unaona koti lake hapo kwenye kiti? Furu, katika miezi yote kumi na miwili, hajawahi kuniachia koti.

Sifa nyingine nazitaja haraka. Miba ya mgongoni inamfundisha mvuvi adabu. Akikaangwa mpaka akakauka, unamtafuna na kichwa chake. Hadai jokofu. Hapandi ndege.

Hilo la ndege ndilo linaloniharibia shairi. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500: wakwangua mwani, wavunja konokono, hata wezi wa magamba ya wenzao. Wataalamu wa enzi ya mkoloni wakawapima kwa rula, wakaona ni wafupi, wakawaita takataka. Mwingereza Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake ni hatari kubwa. Onyo lile nadhani lilikabidhiwa kwa mhusika, naye alikuwa semina. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara akamwagwa ziwani. (Sato ninayemwinda naye ni mgeni wa wakati huohuo, ila ana staha ya kuja mmoja mmoja.) Furu akatafutiwa ajira: Mwanza, miaka ya 1970, kikajengwa kiwanda cha kumsaga awe chakula cha mifugo. Yaani kitoweo cha mtoto wa mvuvi kikaonekana kinamfaa zaidi kuku! Na hata kuku hawakufaidi sana, maana katika miaka ya 1980 sangara aliwafyeka furu kwa mamia ya aina, na nyingi hazijaonekana tena.

Vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki, kichwa na mifupa, tena kwa kununua. Haya yote yaliitwa maendeleo, na aliyeuliza maendeleo ya nani alionekana hajasoma.

Sangara naye akavuliwa kupita kiasi. Miaka ya 1990 baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena, bila kuitwa, bila kikao, bila posho, wakaendelea na nyungunyungu wangu pale walipoishia.

Siku hizi wana watetezi. Watetezi hukutana hotelini, na huko mhusika hakosi hata siku moja; koti amelivaa. Chakula cha mchana ni minofu ya sangara.