Ndege kwa Ndege, Rubani Apige Honi

Wazungu wana taabu. Waingereza walimmaliza tandawala wao mkubwa katika karne ya 19, na mwaka 2004 wakaanza kumrudisha kwa kuagiza vifaranga kutoka Urusi, kwa vibali, karantini na bajeti.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa maganda ya ndizi. Unamwaga leo, kesho ndege amefika. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, nasi kwa ukarimu wa pwani hatujampunguzia mgeni sahani hata siku moja. Kazaa, kajukuu, kavuka bahari. Sasa hapa mpakani Horohoro anakwenda Lunga Lunga na kurudi bila pasi, ilhali mimi na gunia langu la machungwa ya Muheza tuko foleni tangu alfajiri.

Nairobi wametupita. Jalala la Dandora linalisha korongo mfuko-shingo, yule kaloli wa Kampala, mwenye kilo hata 8. Lilipotajwa wazo la kuhamishia jalala Ruai, wakuu wa viwanja vya ndege wakapinga, eti ndege watagonga ndege. Roho mbaya tu! Kiswahili chenyewe hakikuwatenganisha, wao ni nani?

Mwaka 1973 tumbusi aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, futi 37,000 angani. Maskini, alipanda huko kwa kukosa jalala. Wetu hawana haja: wanashiba hapa hapa, karibu na uwanja.

Tuendelee kumwaga.