Namna ya Kuandika Kumbukumbu Bila Kukumbuka Lolote

Mheshimiwa, hongera kwa kustaafu. Sasa unatakiwa uandike kitabu. Wenzako wameshaandika, na yule uliyemzidi cheo kazindua chake juzijuzi kwenye hoteli yenye zulia jekundu, kapewa na ngao. Huwezi kubaki nyuma. Kazi yangu ni uhariri, na miswada ya wastaafu inapita mezani kwangu kila mara, kwa hiyo ninajua kinachowaponza wazee wa watu. Si lugha, wala si gharama za uchapaji. Kinachowaponza ni kukumbuka. Mtu anaanza vizuri, anawasifu wazazi, anaisifu shule, halafu akifika ukurasa wa 80 anakumbuka jambo. Mwongozo huu ni wa kukukinga na balaa hilo.

Anza na shule, hasa umbali wake. Katika rasimu ya kwanza iwe maili tatu. Katika ya pili iwe sita, na katikati kuwe na mto. Katika ya tatu, mto uwe na mamba. Viatu usivae mpaka darasa la nane. Kama ulikuwa ukivaa raba za kaka yako, usihofu, kaka hatasoma. Ni lazima uwe ulichunga mbuzi. Hata kama baba yako alikuwa karani wa boma na nyumbani kwenu kulikuwa na gramafoni, tafuta mbuzi wawili watatu kwa ajili ya sura hii. Padri mmoja au mwalimu wa Kizungu akuone una akili kuliko wenzako. Mama yako awe mcha Mungu na mchapakazi. Mtaje jina mara moja, asiseme neno, kisha mwache jikoni mpaka sura ya mazishi.

Kitabu chenyewe huandiki wewe. Tafuta kijana aliyesomea uandishi wa habari, anayedaiwa kodi ya chumba, umkalishe sebuleni na kinasa sauti. Wewe uzungumze, yeye akutengenezee sentensi. Jina lake litatokea kwenye shukrani, baada ya daktari wako na kabla ya dereva. Hatari ya utaratibu huu ni sebule yenyewe, kwa sababu sebule ina watu. Utakuwa unaeleza jinsi ulivyoliokoa shirika la umma mwaka ule wa njaa, sauti imekolea, kijana anatikisa kichwa. Mama watoto atapita na sinia ya chai, ataiweka mezani taratibu, na atauliza bila ubaya wowote: “Baba Neema, mwaka huo si ndio ulikuwa umesimamishwa kazi, tukaenda kukaa kwa shemeji?” Kinasa sauti hakijui kumheshimu mtu, kinachukua vyote. Kwa hiyo mahojiano yafanyike siku mama ana kikao cha vikoba. Akiwahi kurudi, geuzeni mazungumzo yawe ya mpira.

Ukifika kwenye miaka ya madaraka, sarufi itakusaidia kuliko mwanasheria. Mafanikio yote yaandike kwa “nili-”: nilijenga, nilianzisha, nilimshauri Mwalimu. Matatizo yote yaandike kwa “ili-” na “yali-”: ilionekana inafaa, maamuzi yalifanyika, nyumba zilibomolewa. Nani alibomoa? Zilibomolewa. Kiwanda kikiuzwa, kiuzwe chenyewe. Na mahali ambapo hata sarufi inashindwa, andika kwamba historia itahukumu, ufungue sura mpya yenye kichwa “Familia Yangu”.

Sasa nije kwenye hatari iliyo kubwa kuliko mama na chai: kusoma. Kwa kipindi chote cha kuandika, usiguse kumbukumbu za watu wengine, hasa zile nzuri, maana zinaambukiza. Nitakutajia za kuepuka ili uziondoe kwenye kabati la sebuleni. Mjukuu akizitaka, mpe azipeleke chumbani kwake.

Ya kwanza ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Shaaban Robert ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote tulionao, lakini ukikifungua kitabu unakutana na karani: forodha kule Pangani, idara ya mifugo kule Mpwapwa, uhamisho na mizigo. Mkewe Amina anafariki, naye anahuzunika mbele ya wasomaji, kitu ambacho wewe huwezi kukifanya bila kumuuliza msaidizi wako. Watoto wake hakuwapa aya moja ya “wote wana shahada”. Amewawekea tenzi nzima humo humo, wa Hati kwa binti yake Mwanjaa na wa Adili kwa mwanawe Suleiman, kana kwamba msomaji kakuta mlango uko wazi akaingia katikati ya mazungumzo ya nyumbani. Mtu wa cheo kile hana cha kupoteza, ndiyo maana anaandika hivyo. Wewe unacho.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwandishi wake alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mpaka hapo ni sura nzuri ya utoto, hata kwako ingefaa badala ya wale mbuzi. Lakini mwanamke huyu hajui pa kuishia. Anaendelea kueleza ujuzi ule wa siri ulimfikisha wapi: mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyewaandikia barua wala njama alikuwa yeye, msichana wa miaka kama 15, kwa kuwa alijua kuandika. Njama ilishindwa na watu walikufa. Mheshimiwa, hakuna mtu aliyemlazimisha kuyasema hayo. Angeweza kuandika kwamba barua ziliandikwa.

Si kwamba alisema yote. Mwaka 1866 alipanda meli usiku kwenda Aden, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuhamia Hamburg, ambako mume alikufa baada ya miaka michache kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Habari za mimba aliyoondoka nayo Unguja hakuziweka kitabuni. Hapo tu ndipo ninapokuruhusu umuige.

Tippu Tip utampenda, na ndiyo sababu ninakuonya. Hamed bin Muhammed el Murjebi aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ukisoma utasema huyu ni mwenzetu: safari, pembe, madeni, vita, ushindi. Hajutii kitu. Anasimulia bila haya jinsi alivyoingia Utetera, kule Kongo, kwa kujipachika ukoo wa mtawala, kwamba bibi yake alikuwa binti wa nchi ile aliyechukuliwa mateka, na mtawala mzee akamwachia nchi. Pembe anazitaja kwa uzani na bei. Waliozibeba na waliotekwa njiani hawapati hata jina. Unaona tatizo? Alidhani anajisifu. Karne moja baadaye wanafunzi wanamsoma kama shahidi wa upande wa mashtaka, na ushahidi ni wa kinywa chake. Kujisifu kunahitaji uangalifu kuliko kutubu.

Kwa jirani zetu Wakenya usiende kabisa. Kule mtu kama Josiah Mwangi Kariuki ametoka kizuizini, na mwaka 1963 kitabu kiko sokoni chenye habari za kambi moja baada ya nyingine, wakati baadhi ya waliomtesa bado hata hawajafunga mizigo. Wangari Maathai, katika kitabu chake cha 2006, haishii kwenye miti na Tuzo ya Nobeli. Anaweka na talaka yake, mahakama na yote, jinsi alivyofungwa kwa siku chache kwa kumsema vibaya jaji, na jinsi mume alivyotaka aliache jina lake, naye badala ya kuliacha akaliongezea herufi “a” moja, Mathai ikawa Maathai. Katika kitabu chako, talaka ni “changamoto za kifamilia” na inakaa mstari mmoja. Binyavanga Wainaina alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2011, watu wakazisifu, na kwa kawaida mambo yangeishia hapo. Januari 2014 akaibuka na sura aliyosema ilipotea kitabuni, akimwambia mama yake, aliyekwisha kufariki, kwamba yeye ni shoga. Mtu ambaye kitabu chake kimeshasifiwa anakwenda kutafuta sura iliyokosekana! Wewe zako zilizokosekana zinajijua zilipo, ziache huko huko.

Najua utakachoniambia: hao ni wasanii na wanaharakati, mimi ni kiongozi. Basi na viongozi nao wamekuharibia. Rais Mkapa, katika kitabu alichozindua Novemba 2019, ameandika jinsi mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalivyobaki doa katika uongozi wake. Alikuwa na kurasa tele za uchumi za kujifichia, na bado akaandika. Mzee Mwinyi naye, katika Mzee Rukhsa, kilichozinduliwa Mei 2021 akitimiza miaka 96, amehadithia namna alivyojiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ilhali yeye hakumgusa mtu. Tena kakiandika kwa Kiswahili, muuza genge akisome! Hili la lugha nalo lizingatie. Kitabu chako kiwe cha Kiingereza, karatasi nzito, jalada gumu, bei ya gunia la mchele. Hiyo ndiyo kufuli.

Picha ziwe kurasa 24 katikati, karatasi ya kung’aa. Wewe na Mwalimu. Kama kwenye picha ni sikio lako tu nyuma ya bega la mtu mwingine, weka mshale. Wewe na Papa, wewe na mwanasoka, wewe ukikata utepe wa kisima. Usiweke ile ya 1974 ambayo umesimama na mwenzako aliyekuja kufukuzwa. Ukiweza kumkata, kata, ila angalia mkono wake usibaki begani kwako, maana nimewahi kuuona mkono wa namna hiyo ukifika mpaka kwenye prufu. Dibaji iandikwe na mkubwa zaidi yako ambaye hatasoma mswada, ili aweze kukusifu kwa moyo mweupe.

Faharasa nayo usiidharau. Wenzako hawatasoma kitabu. Watakipokea ukumbini, watafungua nyuma kabisa, watatafuta majina yao, watakwenda ukurasa husika, watafunga. Kwa hiyo kila jina kubwa litokee walau mara moja likiwa na neno “mahiri”. Ukisahau mmoja, huo ndio ugomvi wa uzee wako wote.

Siku ya uzinduzi, tangaza saa tatu asubuhi ili mgeni rasmi afike saa tano. Kwaya iimbe, mchambuzi wa kitabu apewe dakika kumi na akumbushwe kwamba naye ana mtoto anayetafuta kazi. Nakala ya kwanza ipigwe mnada. Mfanyabiashara atainyakua kwa milioni kadhaa, atapiga picha nayo kifuani, na ataisahau kwenye kiti. Waiter ataiokota. Mwagize mtu amfuatilie, kwa sababu waiter atapanda nayo daladala, foleni ya jioni ni ndefu, na huyo anaweza kukisoma kitabu chako chote.

Maboksi yatakayobaki yapange stoo mbali na mchwa, ugawe taratibu kwenye harusi na misiba. Na akija kijana wa chuo kikuu na daftari lake, akakuuliza kwa adabu, “Shikamoo mzee, mbona kutoka 1978 kitabu kinaruka mpaka 1985?”, muitikie marahaba, mkaribishe soda, umwambie hayo yote yamo kwenye juzuu ya pili. Juzuu ya pili usiiandike.